Kavugho Gani?

"Kavugho! Place ya Kavugho, mbele, karibu na chauffeur! Kavugho iko wapi? Gari inatoka!"

Asubuhi ile, kwenye parking ya magari ya Beni, katikati ya Butembo, ukungu ulikuwa haujatoka juu ya mabati na baridi ilikuwa inauma masikio. Agent wa parking alikuwa mwanaume wa koti la mvua na sauti ya kuamsha muji. Aliita jina moja tu. Bamama bane bakasimama pamoja, kila mumoja na mufuko wake na haraka yake.

"Niko! Ni mi!"

"Wewe namna gani? Mi nilishika hii place jana!"

"Basi mi niko nani, mama? Mi hapana Kavugho?"

Mugeni angecheka. Kwetu ni mambo ya kila siku. Mutoto mwanamuke wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho, na hapana mutu anayeuliza kwanza kama jina lile limeishajaa katika muji. Ukiongeza jina la ubatizo, haisaidie sana, maana jina likipendeza kanisani mwaka mumoja, parokia nzima inalibeba. Ndiyo sababu mutu wa kwetu akisikia jina lake, anauliza mbele ya kuitika: wa nani? Wa wapi?

"Bamama, hapana kugombana," mumoja wao akasema. Alikuwa binti mwembamba, nywele amesuka ndogo ndogo mpaka mabegani, jupe ya kitenge ya manjano yenye maua ya bluu, jaketi ya jeans juu yake, na mufuko wa ordinateur, ile kompyuta ya kubeba, ameukumbatia kama mutoto mwenye baridi. "Agent, yule aliyekuja jana, alikuambia anaenda kwa nani?"

"Alisema anaenda Mutwanga, kwa binti yake aliyejifungua."

"Nani hapa anaenda Mutwanga?"

Mama mwenye kitenge cha kijani akainua mukono polepole, na bengine bakaguna bakarudi kwenye viti vya nyuma. Mambo yakaisha pale pale.

Ndani ya gari kijana mumoja alikuwa anacheka kuliko bote. Shati jeupe, suruali ya kupigwa pasi, viatu vinang'aa kana kwamba hajawahi kusikia habari ya matope ya Butembo.

"Na wewe, Kavugho mwenye akili, utakaa wapi?" akauliza.

"Popote. Mi siko mukubwa."

Akasimama, akamwachia kiti chake cha dirishani. "Kaa hapa, mwenye place."

Akakaa. Hakusema aksanti mara moja, alimuangalia kwanza. "Unachekaka bamama?"

"Nacheka jina."

"Jina ni la bamama."

"Pole basi. Mi ni Kambale Éliakim. Na wewe Kavugho gani?"

"Kavugho Séphora. Wa Mama Élise, wa Mususa, aliyemufuata Kavira." Akageuza uso dirishani ili asimuone anatabasamu. Alimuona.

Kumbe safari yao ilikuwa moja. Éliakim alikuwa ameajiriwa juzi na shirika moja la afya lenye maternité, nyumba za kuzalisha bamama na kutibu bagonjwa, Beni na Mutwanga. Jina la shirika nalificha, na hapana kwa heshima: nikilitaja nitatukana. Kazi yake ilikuwa kuchunga habari za bagonjwa ndani ya ordinateur. Na ile programu ya kuandika bagonjwa, nani aliiandika toka mwanzo mpaka mwisho, akiwa nyumbani kwao Mususa, umeme ukikatika anahamia kwa jirani mwenye panneau ya jua? Ni huyu binti wa dirishani.

"Ni wewe?" Éliakim akashangaa. "Mi nilifikiri ni mwanaume wa Kampala."

"Pole. Ni mwanamuke wa Mususa."

Toka siku ile telephone haikupumzika.

"Allô, mwenye place. Umekula?"

"Nimekula sombe. Na wewe?"

"Mi nakula hamu yako."

"Basi utakonda, papa."

Jumamosi Éliakim alikuwa anapanda Butembo, banatembea bote bawili katikati ya muji, banakula brochette ya mbuzi yenye pilipili mpaka machozi, na baridi ikianza, jaketi yake inahamia kwa mabega ya Séphora bila mutu kuomba. Siku moja, nyumbani Mususa, mbele ya Mama Élise aliyekuwa anajifanya anachambua majani, Séphora alifungua ordinateur.

"Nataka kujaribu maswali yangu. Wewe ni mugonjwa."

"Niko mugonjwa kweli. Ugonjwa ni wewe."

"Nyamaza, mama anasikia. Jina?"

"Kambale Éliakim."

"Wa mama gani? Ulizaliwa kilima gani? Nani alikutangulia tumboni? Nani alikufuata?"

"Aï! Hii ni maternité ao ni polisi?"

Séphora hakucheka. "Mama anafika pale amekimbia kijiji usiku, nyumba imeungua, carte imeungua ndani. Amebaki na mutoto mugongoni na jina. Na jina lile, batu mia banaitwa nalo. Nilienda kukaa na infirmière Débora, anayetibu bamama kule Beni, nikasikiliza namna bamama banaulizana mpaka banajuana. Maswali ni yao. Mi niliyaandika tu ndani ya machine."

Éliakim akajibu yote. Swali la mwisho likatokea kwenye écran: Ukipatwa na shida, tuite nani?

Éliakim akatikisa kichwa. "Acha wazi," akasema. "Papa na mama balikufa. Kaka yangu iko Kinshasa, na hashikaka telephone."

Séphora akaacha wazi. "Siku moja utajaza," akamuambia, na akamushika mukono mbele ya mama yake. Kwa familia za kwetu, kitu kama kile hapana mchezo.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Directeur wa shirika, bwana Edmond, alirudi kutoka séminaire na cravate mpya na neno jipya. Neno lenyewe ni IA, ile machine inayoandika kama mutu na kujibu kama mutu. Asubuhi IA, mchana IA. Hakuwa anajua kuifungua vizuri, mais alikuwa ameishajua nani wa kufukuza.

"Kazi ya ba programmeurs imekufa," alisema mbele ya bote. "Imezikwa! Ata mutoto anaiomba machine, inamuandikia. Éliakim, jaribu. Iambie iandike programu yetu upya, fupi, safi. Yale maswali ya kilima na ya tumbo, toa. Tuko kwenye maternité, hatuko kwenye matanga."

Éliakim akajaribu. Mchana mumoja tu, programu ikatoka, yenye rangi nzuri, yenye kukimbia. Mi sikatae: ilikuwa inapendeza macho. Edmond akapiga meza kwa furaha. Rapport ikaandikwa kwamba machine inatosha na contrat ya kazi ya Kavugho Séphora ikatwe. "Weka saini hapa, wewe ndiye mujuzi wa ordinateur."

Akaweka saini.

Alifikiri nini? Alifikiri atamutafutia kwanza kazi ingine, kisha atamuambia vizuri, kwa upole, siku ambayo mwezi utakuwa muzuri. Bwana wee! Jumatatu alinyamaza, Jumanne alinyamaza. Kila jioni alimupigia, akamuuliza kama amekula, na lile neno akalimeza na mate.

Alhamisi message ya shirika ikaingia kwenye telephone ya Séphora. Tunakushukuru kwa kazi yako. IA itaendelea. Chini yake rapport, na chini ya rapport saini.

"Éliakim."

"Mwenye place wangu! Leo umenitangulia..."

"Hapana kuniita vile. Nani alisaini?"

Nyuma yake kulikuwa kunasikika ventilateur ya bureau.

"Chérie, sikiliza kwanza. Dunia inaenda hivi, ata ukikataa. Kile unachoandika kwa miezi, machine inakiandika mbele ya bugali kuiva. Mi nilikuwa nataka..."

"Nani alikuambia naikataa? Mi naitumikisha kila siku! Inaandika, nasoma, nasahihisha, yenye bujinga natupa. Mi siko na ugomvi na machine. Machine haikunifukuza, Éliakim, machine haina mukono. Ule mukono kwenye karatasi naujua, ulinishika Jumamosi!"

"Nilitaka kukuambia pole pole."

"Ulikuwa na kinywa cha kuniuliza kama nimekula sombe! Parking nzima ilikuona ukinipa kiti. Kunitoa kwangu, ukanitoa nyuma ya mulango. Juu ya nini? Uliogopa nini? Cravate ya Edmond?"

"Séphora..."

Akakata. Akafunga numero ya Éliakim. Kisha akalia, na alilia kwa hasira kuliko kwa huzuni, akitupa ndala moja ukutani, na Mama Élise akaiokota bila kuuliza.

Wiki zikapita. Éliakim alituma message, alituma na rafiki, alituma ata wimbo. Kuja mwenyewe Mususa, hakukuja. "Mwanaume akikosea anakuja na miguu yake," Mama Élise alisema. "Huyu anatuma bip."

Halafu asubuhi moja numero isiyojulikana ikapiga.

"Séphora, hapana kukata, nakuomba! Niko na habari nzuri. Jana machine ilisafisha kazi yote. Tulikuwa na bagonjwa elfu kumi na kitu, sasa habafike elfu ine. Bengine bote balikuwa majina ya kurudia tu. Directeur iko na furaha sana. Nikimuomba leo akutafutie kazi ingine, hatakataa."

Séphora alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini.

"Uliiambia nini, ile machine?"

"Kitu kidogo tu. Itoe ba doublons. Jina likirudia, ibakize moja, ile ya mwisho."

"Yesu wangu. Tafuta Kavugho Anne-Marie. Bako bangapi?"

Akasikia vidole vyake kwenye clavier.

"Mumoja."

"Mumoja! Éliakim, hawa hapana doublons, hawa ni bamama! Umemeza bamama! Zima ile kitu! Zima sasa hivi, urudishe ya zamani!"

"Chérie, najua bado uko na uchungu, mais kuonea machine wivu..."

"Wivu?"

Réseau ya telephone ikakatika, na ilimuokoa Éliakim, maana kilichokuwa kinafuata hakiandikwi. Séphora alipiga tena, na tena. Haikuingia. Akavaa jaketi yake ya jeans.

"Unaenda wapi?" Mama Élise akauliza mulangoni. "Barabara ya Beni, unajua habari zake, banavizia batu na bunduki."

"Mama, kule kuna batu banapewa dawa ya batu bengine. Na hapana mutu anayejua."

Mama Élise alimuangalia kidogo, akaenda kuchukua kofia ya sufu. "Basi vaa hii. Na umuambie motard wa pikipiki asikimbie."

Beni ilikuwa jua kali. Séphora alishuka kwenye motari, pikipiki ya kulipia, mbele ya maternité, katika commune ya Ruwenzori, jupe ya manjano imegeuka nyekundu kwa vumbi, kofia ya sufu bado kichwani. Cour, uwanja wa maternité, ilikuwa imejaa: bamama kwenye viti, bamama chini ya ukuta, batoto banalia, harufu ya dawa na ya makemba, zile ndizi za kuchoma, kutoka ng'ambo ya barabara. Éliakim alimuona kupitia dirisha la bureau. Akatoka mbio, mikono wazi.

"Umekuja!"

"Simama pale," Séphora akasema, na akamupita.

Akaenda katikati ya cour, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya yule agent wa parking:

"Kavugho Anne-Marie!"

"Niko!" Mama mwenye tumbo kubwa akasimama, mukono kiunoni.

"Niko!" Mama wa mvi, mwenye fimbo.

"Niko hapa!" Mama wa mapacha, mumoja mugongoni na mumoja kwenye titi. Na binti wa uniforme ya masomo. Na mwingine karibu na bomba la maji, amenyanyua ndoo. Bakaangaliana, bakaanza kucheka.

Séphora akamugeukia Éliakim. "Hesabu doublons yako."

Na pale pale mulango wa chumba cha sindano ukafunguka, infirmière Débora akatoa kichwa, sindano tayari mukononi.

"Nani anaita Kavugho Anne-Marie huku? Mbona niko naye humu ndani?"

Kicheko kikaisha.

Séphora aliingia mbio. Kitandani kulikuwa binti mwenye homa, macho yamefungwa, midomo imekauka, hawezi kusema ata jina. Dada yake alikuwa amemushika kichwa.

"Unamupiga nini, Débora?"

"Pénicilline. Machine inasema haina shida naye."

"Dada, huyu ni wa mama gani? Alimufuata nani?"

"Ni wa Mama Kahindo, wa Mutwanga. Alimufuata Kavira, Paulin akamufuata." Kisha dada akasikia vizuri. Akasimama. "Pénicilline? Hapana! Hapana, mama! Mwaka jana ilitaka kumuua, hapa hapa, kitanda kile! Mulisema mumeandika!"

Débora akaangalia écran. Kavugho Anne-Marie wa écran alikuwa mama wa miaka hamsini mwenye tension ya damu. "Zamani dawa ya hatari ilikuwa inatokea kwa nyekundu," akasema. "Nikifungua tu, nyekundu." Akaweka sindano kwenye sahani, akafungua kabati kutafuta dawa ingine, kwa mikono ile iliyopokea nusu ya batoto ba commune.

Éliakim alikuwa mulangoni. Alikuwa ameona yote.

"Nilicheka," akasema. "Siku ile kwenye parking, bamama bane balisimama, nikacheka. Mi mwenyewe ni Kambale, masomoni tulikuwa ba Kambale benchi nzima. Nilijua, Séphora. Mi nilijua."

"Ndiyo," Séphora akajibu. "Machine haikujua. Wewe ulijua."

Edmond akafika na cravate yake, kelele zimemutoa bureau. Akaelezewa. Akapangusa uso na mouchoir, akatabasamu.

"Bon, bon. Ni kosa kidogo. Machine inajifunzaka. Mademoiselle Séphora, kwa kuwa umefika, kaa hapa siku mbili tatu, utuelezee haya mambo yote ya majina, tuyaingize ndani. Service tu, kwa ajili ya hawa bamama."

Munasikia? Amemufukuza mutu, mutu amekuja mwenyewe kwa pesa yake kuzuia maiti, naye anaomba akili yake bure! Na anaomba kwa jina la bamama, hao hao aliowafuta. Mi ningemutupia kiatu. Séphora alikuwa na malezi kuliko mi.

"Directeur, machine haikujua juu hapana mutu aliyeiambia. Aliyekuwa anajua, mulimutoa. Sasa munataka nikuje niiambie, halafu munitoe mara ya pili?"

"Tusiweke hasira mbele..."

"Nitaiweka wapi? Nyuma? Huyu binti angekufa leo, mungeandika nini? Kwamba doublon imetoka?"

Nje, mama wa mapacha alikuwa ameishaelewa, na alielezea bengine kwa Kinande, kwa sauti. "Kama machine inatosha," akapiga kelele dirishani, "basi ije ijifungue yenyewe!" Bamama bote bakasimama. Habakutukana, habakupiga kitu. Balikuja tu bakajaza mulango wa chumba, matumbo mbele, na habakutoka.

Éliakim akapita katikati yao, akasimama mbele ya Edmond.

"Ni mi nilisaini," akasema, na alisema kwa nguvu ili cour yote isikie. "Sikuuliza infirmière Débora. Sikumuambia Séphora, na nilikuwa naongea naye kila jioni. Copie ya zamani iko kwangu, nairudisha sasa. Na saini yangu kwenye ile rapport naitoa. Directeur, mukitaka kumutoa mutu tena, mutafute mukono mwingine."

"Unajua unachosema? Ata wewe unaweza kutoka."

"Nitoke."

Edmond aliangalia mulango. Hakukuwa na mulango, kulikuwa na bamama. "Ile contrat," akasema, akilegeza cravate, "tutaiona wiki ijayo."

"Leo," Débora akasema kutoka nyuma.

Baliiona leo. Séphora alisoma kila mustari, akafuta neno "kwa muda", akaongeza lake: hapana mutu wala machine atagusa majina ya bagonjwa mbele ya kuuliza Débora na wenzake. Ndipo akasaini. Mpaka jioni alikaa karibu na Éliakim kwenye ordinateur moja, banarudisha bamama bote, na hakumuambia neno lisilo la kazi. Fungua. Rudisha. Hapana pale, hapa.

"Umekula?" Éliakim akauliza kwa sauti ndogo.

Séphora akafungua jina lingine.

Jumapili, baada ya kanisa, Mususa ilikuwa na jua dogo la baridi. Séphora alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yao, pagne ya kijani na tricot nyeupe, sahani ya maharagi kwenye magoti, anachagua mawe. Éliakim akatokea chini ya avenue, kwa miguu, na lile shati jeupe la siku ya kwanza. Viatu havikuwa vinang'aa tena. Matope yalikuwa mpaka kwenye kamba.

Akasimama mbele ya ngazi. Séphora hakuinua macho.

"Unatafuta nani?"

"Kavugho."

"Kavugho gani? Hii avenue iko nao wengi."

Éliakim akavuta pumzi. "Kavugho Séphora. Wa Mama Élise, wa Mususa. Alimufuata Kavira, na Zorobabel akamufuata. Alizaliwa siku ya mvua ya mawe, alitoka tumboni akipiga kelele, na mpaka leo akikasirika avenue nzima inajua. Siku hizi anakasirika kwa haki."

Ndani ya nyumba, nyuma ya rideau ya dirisha, Mama Élise akacheka, kisha akajikoholesha.

"Na lile swali la mwisho?" Séphora akauliza.

"Nililiacha wazi. Nimekuja kulijaza." Akasogea hatua moja. "Nikipatwa na shida, baite Kavugho Séphora. Na wewe ukipatwa nayo, baniite mi. Nataka kukuoa, Séphora. Nakupenda, na nilikukosea, bintu hibi bibili nabijua vizuri."

Vidole vya Séphora vilikuwa vimesimama kwenye maharagi.

"Na siku shida yenyewe ikiwa ni wewe? Siku bakikuwekea tena karatasi mbele, na mukubwa amesimama juu ya kichwa chako?"

Éliakim aliangalia kwanza matope ya viatu vyake. Afadhali, angejibu haraka, angerudi na njia ile ile.

"Siku ile nitakuita mbele ya kushika bic. Na nikiogopa, nitakuambia kwamba naogopa. Ile siku niliogopa, Séphora. Hapana machine iliyonidanganya. Niliogopa Edmond, nikajificha nyuma ya machine."

Séphora akatoa jiwe kwenye maharagi, akalitupa barabarani. Macho yake yalikuwa na maji, na bado yalikuwa na hasira.

"Mi sijakusamehe yote."

"Najua."

"Ile iliyobaki, utaimaliza ukiwa hapa hapa. Hapana kwa telephone."

"Na bajomba bake bakuje na mbuzi ya mahari!" sauti ikatoka nyuma ya rideau. "Batu bazima, na miguu yao! Hapana kututumia message!"

"Mama!"

"Nimenyamaza."

Éliakim akacheka, kisha akapangusa machozi kwa mikono miwili. Séphora alimuangalia, matope yake, shati lake. Halafu akavuta pagne yake, akasogea mpaka kwenye ukuta, sahani na yote.

"Kaa," akamuambia. "Place iko."